Ubao Kwanza, Raba Baadaye

Kwa miezi mitano ya mwaka juzi nilicheza mpira wa meza vibaya kuliko nilivyocheza nikiwa mwanafunzi, na sababu yake nilikuwa nimeishika mkononi: raketi niliyoiunganisha mwenyewe kwa fedha nyingi na fikra kidogo. Binamu yangu anayefanya kazi Dubai alikuwa ameniletea ubao, yaani mti wa raketi pamoja na mpini wake, wenye nyuzi za kaboni, pamoja na raba mbili za kunata za kubandikwa pande zake mbili, zenye sponji ngumu na nene. Nilikuwa nimewaona mabingwa wakitumia vifaa vya aina hiyo, nikadhani kwamba kasi yao inauzwa. Mipira yangu ikawa na njia mbili tu: ama inaishia wavuni, ama inapita juu ya meza yote bila kuigusa.

Mzee anayetufundisha jioni hapa Tanga aliichukua raketi ile, akadundisha mpira juu yake mara nne au tano, akaipima uzito kwa kuitikisa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mkono wa raketi hii uko wapi?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ameumaliza mjadala wote kwa swali moja, kwa sababu raba yenye sponji ngumu haifanyi kazi mpaka ibonyezwe, na haibonyezwi ila na mkono unaokwenda kasi kweli kweli. Mpira hukaa juu ya raketi kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikiwa katika muda huo mfupi mpira haukuzama ndani ya raba, raba haiwezi kuushika na kuuzungusha; mpira unateleza na kuanguka wavuni. Nikiongeza nguvu ili uzame, ubao wa kaboni, ambao haupindi kwa urahisi, unaurudisha kwa ghafla, nao unatoka nje. Wachezaji wa China wanaotumia raba ngumu juu ya kaboni wana mkono uliojengwa kwa saa nyingi za mazoezi kila siku tangu utotoni. Mimi nina Jumanne na Alhamisi.

Kwa hiyo naanza na ubao, na ninamshauri kila anayeniuliza aanze hapo, kwa kuwa raba itachakaa na kubadilishwa, ilhali ubao unaweza kudumu miaka kumi. Kanuni za mchezo zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mbao halisi. Hata huo unaoitwa wa kaboni ni mti wenye utando mwembamba wa nyuzi kati ya tabaka zake. Nyuzi zikiwekwa mara tu chini ya tabaka la nje, ubao huwa mkali katika kila pigo. Zikiwekwa ndani, karibu na kiini, mpigo mpole huhisika kama wa mti mtupu na ukali hujitokeza pale tu unapopiga kwa nguvu. Ubao wa kawaida wa tabaka tano, usio na nyuzi zozote, mara nyingi huwa na kiini cha mti wa ayous na tabaka za nje za limba. Miti hiyo miwili hukua katika misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, nami huona ajabu kidogo kwamba gogo la bara letu linaweza kusafiri hadi Uswidi, likachongwa, halafu likaturudia kwa bei ya Ulaya.

Raba nayo ina sehemu mbili, yaani ngozi ya juu na sponji iliyo chini yake, na zote mbili pamoja na gundi haziruhusiwi kuzidi milimita 4.0. Ndiyo maana sponji nyingi huishia kwenye milimita 2.1 au zaidi yake kidogo. Sponji nyembamba, tuseme milimita 1.5, hukuwezesha kuuhisi mti, hivyo kuzuia mpira na kuurudisha kwa kipimo huwa rahisi. Sponji nene hutoa kasi na mzunguko, lakini pia huyakuza makosa yako. Jambo linalowapotosha wengi ni digrii za ugumu zinazoandikwa kwenye pakiti. Kampuni hazitumii kipimo kimoja: raba ya Tenergy 05 ya kampuni ya Butterfly huandikwa 36, na mtu akiilinganisha na raba ya Kijerumani yenye 40 atadhani ya kwanza ndiyo laini, wakati sivyo. Linganisha namba za mtengenezaji mmoja tu, la sivyo ziache.

Zamani wachezaji walipaka gundi yenye viyeyusho iliyoivimbisha sponji na kuipa mruko mkubwa, lakini ilipigwa marufuku mwaka 2008. Tangu hapo watengenezaji wengi wameuweka mruko huo ndani ya raba yenyewe, na ndiyo sababu raba ya kisasa ya bei ya juu haisamehe mkono mzito.

Kanuni yangu ni kutafuta upungufu wa ubao na kuujaza kwa raba. Ubao mwepesi unaopinda kidogo unaweza kubeba raba yenye ukali. Ubao mgumu unahitaji raba laini itakayouchelewesha mpira japo kidogo. Baada ya hapo ndipo mtindo wa mchezaji unapoingia, na hauingii sawasawa pande zote mbili. Mimi hushambulia kwa fohendi, yaani pigo la upande wa kiganja, nikisimama hatua moja nyuma ya meza, lakini bekhendi yangu, pigo la upande wa nyuma ya mkono, ni ya kuzuia na kusukuma, kwa hiyo hakuna maana ya kubandika sponji ileile pande zote. Pande mbili za raketi ni lazima ziwe na rangi tofauti, moja ikiwa nyeusi, kwa sababu hadi miaka ya 1980 kuligeuza bapa la raketi lenye raba mbili za tabia tofauti lakini rangi moja kulikuwa silaha ya udanganyifu.

Wakataji, yaani wachezaji wanaojilinda kwa kuukata mpira kwa chini, ndio wanaoitumia tofauti ya raba za pande mbili vizuri zaidi. Raba yao ya vipele virefu, yenye vinundu vilivyochomoza nje, haiushiki mpira, hivyo mzunguko ulioutuma wewe unaendelea kuzunguka vilevile na kukurudia ukiwa kinyume: ulipiga wa kwenda juu, unarudi wa kuzama. Joo Se-hyuk wa Korea Kusini alifika fainali ya ubingwa wa dunia mjini Paris mwaka 2003 kwa mchezo huo, huku fohendi yake ikiwa na raba ya kushambulia isiyo na vipele kwa nje. Hata hivyo, simshauri mtu anunue vipele virefu ili kuficha bekhendi dhaifu. Ukumbini kwetu wapo watatu waliojaribu, na sasa wana udhaifu wa aina mbili.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa nchi za baridi hawana sababu ya kulifikiria, nalo ni unyevu wa pwani. Wakati wa masika ukumbi wetu huwa na feni mbili na madirisha wazi, na utando wa jasho la hewa hukaa juu ya raba na juu ya mpira. Kwa uzoefu wangu, raba ya kunata ndiyo inayoteseka zaidi: ikishika unyevu na vumbi hugeuka kigae. Kitambaa kikavu nimekifanya sehemu ya vifaa vyangu, na sasa nachagua ngozi inayoushika mpira kwa mnyumbuko wake yenyewe badala ya kwa kunata.

Leo natumia ubao wa mti mtupu wa tabaka tano wenye gramu 86, na pande zote mbili nimebandika Mark V ya Yasaka, raba iliyokuwapo sokoni tangu mwaka 1969: milimita 2.0 kwa fohendi na 1.8 kwa bekhendi. Raketi nzima ina gramu 176, wakati ile ya awali ilikuwa na 195 na iliniuma kifundo cha mkono. Ubao wa kaboni uko kabatini. Binamu akiuliza kwa simu, mimi humjibu kwamba ninautunza, na hilo si uongo.