Kava la kaki

Jana nilikuwa nimekaa sakafuni na mkasi, nayatia makava madaftari ya mwanangu. Harufu ya gundi na kaki ikanirudisha Ennis, mji wa kaunti ya Clare huko Ireland, kwenye ile kazi ya kutunza wazee, kwa bibi yangu wa chumba cha mwisho.

Alikuwa na miaka 84 na kitabu kimoja chini ya mto. Kava la kaki, juu limeandikwa kwa wino: Hesabu. Nilidhani ni madeni ya duka la marehemu mumewe, mpaka jioni moja macho yalipomgomea akaniomba nimsomee.

Kumbe ndani ni The Country Girls, riwaya ya kwanza ya Edna O'Brien, mzaliwa wa Tuamgraney, kaunti ileile ya Clare. Ilitoka 1960, Ireland ikaipiga marufuku. Wasichana wawili wa shamba wanakwenda Dublin kutafuta raha. Basi, kosa lenyewe hilo.

Nikasoma. Nikafika kwa yule rafiki mtukutu, jina lake Baba. Nikashindwa kujizuia, nikacheka.

"Nini?"

"Kwetu baba ni mzazi, bibi. Mwanamume."

Akacheka hadi akakohoa. "Ningepewa huyu badala ya yule wangu!"

Mara viatu vya bintiye kwenye korido. Vidole vile, ambavyo mchana vilishindwa kushika kijiko, vikanipokonya kitabu kikapotelea chini ya mto, na bibi huyooo, yuko katikati ya Salamu Maria. Binti, mwenyewe ana wajukuu, akainamisha kichwa akaitikia. Mimi nikaangalia dirishani, nimeng'ata mdomo.

Alipoondoka, bibi akaninong'oneza kwamba mama yake Edna naye alipofariki, nakala yake ilikutwa imefichwa ndani ya foronya, maneno ya aibu yamezibwa kwa wino mweusi. "Lakini hakuichoma," akasema.

Bibi alitangulia. Edna alifuata Julai 2024, akiwa na miaka 93, akazikwa kisiwani Inis Cealtra, kwenye ziwa Lough Derg. Siku ile ndugu walipokuja kufungasha vitu vya bibi, kitabu kilikuwa tayari kwenye mkoba wangu. Najiambia nilimfichia. Sina hakika kama bintiye angeliita hivyo.

"Mama, na hili daftari la nani?" mwanangu akauliza jana, amelishika.

"La hesabu," nikasema, nikalirudisha juu ya kabati.