Herufi 300 za Kupigia Hodi

Mwezi Juni mwaka 2018, nikiwa nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya ununuzi na ugavi katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, nilirudi nyumbani Tanga bila ya kuwa na mahali pa kufanyia fildi. Chuo kilitutaka tufanye mafunzo kwa vitendo ya wiki nane. Barua yangu ya utambulisho, ile ambayo mahali pa jina la ofisi pamewekwa mstari mtupu wa nukta nukta, nilikuwa nimeshaipeleka nakala katika ofisi tano, na kote makarani waliipokea kwa adabu, wakaiweka juu ya barua za wenzangu, wakaniambia kuwa nitapigiwa simu. Sikupigiwa.

Mwenzangu wa bwenini ndiye aliyenishauri nifungue wasifu katika LinkedIn, mtandao wa kuwaunganisha watu kikazi. Niliposoma kuwa Microsoft iliununua mtandao huo mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, nilijiona kama mtu anayeingia katika jumba la tajiri kwa bando la shilingi 500. Hata hivyo niliingia. Picha nilipigwa ukutani nikiwa nimevaa shati la kaka yangu, na mambo ya elimu niliyajaza usiku mmoja. Kisha nikaazima kwa mwenzangu yule ujumbe wa Kiingereza, mkavu na wenye maneno makubwa, nikautuma kwa watu arobaini, wengi wao mameneja wa Dar es Salaam na Nairobi. Saba walikubali kuunganishwa nami. Hakuna hata mmoja aliyejibu.

Baba mdogo alinikuta barazani kwetu Ngamiani nikiangalia simu kwa unyonge. Yeye alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini miaka mingi, enzi ambazo kina cha maji gatini kilikuwa kidogo, meli kubwa zikitia nanga mbali na mizigo ikiletwa nchi kavu kwa matishari. Aliniuliza ni nini ninachokitafuta humo, nikamweleza, naye akataka nimsomee ujumbe wenyewe kwa Kiswahili. Nilipomaliza alinyamaza kidogo.

"Mwanangu, mbona hukumsalimu?"

Nilimweleza kuwa mtandao wakati huo uliruhusu herufi 300 tu katika ombi la kuunganishwa, na kwamba hata nafasi kati ya maneno huhesabiwa. Hakuridhika. Alianza kunisomea imla kwa namna anayoijua yeye: salamu, hali ya nyumbani, wazee, dua. Nilipokuwa ninaandika, kihesabu kilikuwa kinashuka, na tulipomaliza kuwaulizia watoto zilikuwa zimebaki herufi kama 60, nami sijataja hata jina langu. Tulicheka sana. Lakini nilibaki na wazo lake, kwa sababu ni kweli kwamba sikuwahi kuingia nyumba ya mtu Tanga nikaanza na shida yangu, na sijui ni kwa nini niliamini kuwa kwenye simu adabu hiyo haihitajiki.

Nilifungua ukurasa wa chuo chetu, mahali ambapo wahitimu huweza kuchujwa kwa mji wanaoishi, nikachagua Tanga. Miongoni mwa waliotokea alikuwamo dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha. Nilimwandikia hivi:

"Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Ngamiani, nasoma chuo ulichosoma wewe, mwaka wa pili wa ugavi. Baba yangu mdogo alikuwa karani wa matishari hapa bandarini. Sina nafasi ya fildi, lakini kwanza naomba kujua: mwanafunzi anayetaka kujifunza kazi ya forodha aanzie wapi?"

Zilibaki herufi 34, nikaziacha. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, na halikuanza na forodha.

"Marahaba mdogo wangu. Baba mdogo wako ndiye yule mzee mwenye baiskeli ya kengele mbili?"

Ndiye. Baada ya hapo alinieleza kwa urefu: nisome kwanza namna hati ya shehena inavyosomwa, nilinganishe ankara na orodha ya vifurushi, kwani makosa mengi yanayochelewesha mzigo huanzia hapo, kabla hata haujaingizwa katika TANCIS, mfumo wa kompyuta wa forodha. Nafasi hakuahidi. Alisema tu niende ofisini kwao Jumatatu kabla ya saa nne, nikiwa na barua ambayo jina la ofisi yao limeandikwa kwenye zile nukta nukta, kwa sababu mtu hupenda kujua kuwa aliyeombwa ni yeye.

Wenzangu hadi leo hunitania kuwa fildi niliipata kwa kengele na si kwa mtandao. Sina hoja nzito ya kuwapinga, ila najua kuwa bila ya ule mchujo wa wahitimu nisingejua kuwa dada huyo yupo, ilhali ofisi yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa baiskeli kutoka kwetu.

Jumatatu hiyo baba mdogo aliniazima baiskeli yake. Jina la ofisi nilikuwa nimelijaza kwa wino wa buluu, taratibu, nukta kwa nukta. Nilipofika getini mbuzi alinikatia njia, nikapiga kengele zote mbili, na kabla sijasema hodi, mtu alikuwa ameshachungulia dirishani.