Kompyuta juu ya ubao: kumbukumbu ya mradi wangu

Mradi sasa umefika mahali pa kuandikwa. Kompyuta ya mezani ya zamani nimeitoa yote kwenye boksi lake, nimeifunga juu ya kipande cha plaiwudi, inawaka na inafanya kazi, na kila kifaa kimeandikwa jina lake pembeni kwa kalamu nene. Ni kwa ajili ya watu wa mtaani kwetu hapa Morogoro ninaowafundisha jioni: mafundi cherehani, wenye maduka, vijana waliomaliza kidato cha nne. Walikuwa wanakariri maneno ya kompyuta kwenye daftari bila kuona kitu chenyewe, na maneno yaliyokaririwa hivyo hayamsaidii mtu akiwa amesimama mbele ya fundi au muuza duka.

Kilichonipa kazi kwanza ni kuiwasha. Ukiondoa boksi, swichi ya kuwashia inaondoka nalo. Lakini kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkubwa unaounganisha kila kitu, kuna vipini viwili vidogo. Vikigusana kidogo tu, kompyuta inawaka. Nimeviungia swichi ya kengele ya mlangoni, ile ya kubonyeza na kuachia, nayo inafanya kazi vizuri mno. Pawa saplai nimeiacha ndani ya bati lake, na hakuna ruhusa ya kuifungua, kwa sababu kapasita zake, yaani vifaa vidogo vinavyotunza umeme, zinaweza kubaki nao hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Inapokea volti 230 na kutoa umeme mdogo: waya wa njano volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3. Namba hizo nimezibandika kwenye nyaya zenyewe.

Kisha prosesa, kile kifaa kinachotekeleza maagizo na kufanya mahesabu ya kompyuta. Mtaani boksi zima huitwa CPU, lakini CPU ndiyo prosesa, na kwenye ubao wangu ni kibapa cha mraba chenye upana wa kama sentimita 4, kilichojificha chini ya feni. Mama mmoja anayeuza vitenge alikikodolea macho akaniuliza, "Mwalimu, kumbe CPU ndiyo hii?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Lile lingine ni boksi." Si jambo dogo. Ukimwambia fundi kwamba CPU imekufa, mnaweza kuanza kuzungumzia bei ya prosesa wakati kilichoungua ni pawa saplai.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na diski, inakohifadhiwa kazi, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Wote wamesikia "GB" (gigabaiti, kipimo cha nafasi ya kuhifadhia), basi wanadhani ni kitu kimoja. Sasa tunafanya hivi: mwanafunzi anafungua programu ya kuandikia, anaandika majina ya watoto wake, na kabla hajahifadhi nazima umeme ukutani. Tukiwasha tena, majina hayapo. Anaandika upya, anahifadhi, anaipa faili jina na kuiweka kwenye folda yake. Nazima tena. Safari hii majina yapo. Yale ya kwanza yalikuwa kwenye RAM peke yake, na RAM haishiki kitu umeme ukikatika. Haya ya pili yameandikwa kwenye diski. Baada ya hapo simwelezi mtu tena kwa nini ahifadhi kazi yake.

Kisha anabonyeza vile vibanio viwili vya pembeni na kuichomoa RAM kwa mkono wake. Tukiwasha bila RAM, skrini inabaki nyeusi na spika ndogo ya mazabodi inalia bipu, bipu. Hapo namwonyesha pia lile pengo kwenye meno ya RAM. DDR3 na DDR4, ambazo ni aina mbili za RAM, zina pengo mahali tofauti, kwa hiyo haziingiliani hata ukisukuma. Anayekwenda dukani ataje aina, asiseme tu "nataka ya GB 4".

Diski mbovu niliyopewa nimeifungua kifuniko na kuibandika juu kulia. Ndani kuna visahani vinavyong'aa na mkono mwembamba unaosoma. Ikiwa nzima, diski kama hii huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Pembeni yake nimeweka SSD, yaani diski ya chipu, ambayo haina chochote kinachozunguka. Maoni yangu, baada ya kuhangaika na mashine nyingi za watu: kompyuta ya zamani inayokawia kuwaka na kufungua programu, mara nyingi dawa yake ni SSD. Inayoganda ukifungua kurasa nyingi kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, angalia RAM kwanza. Nawaambia pia habari ya mwaka 1956, IBM ilipotoa mashine ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski za aina hii: visahani 50 vyenye upana wa inchi 24 kila kimoja, vyote pamoja vikibeba kama MB (megabaiti) 5. Picha moja ya simu ya leo inaweza kujaza zote.

Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta nzima, tumeuonyesha kwa kuchomoa waya wa diski. Mashine inawaka, feni inazunguka, lakini skrini inaleta maandishi machache tu kwamba haioni pa kuanzia. Tukirudisha, Linux Mint inafunguka. Nimechagua hiyo kwa sababu ni ya bure na mashine hii ya zamani inaimudu, na Windows 10 iliyokuwamo iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Betri ya mazabodi, ile bapa kama sarafu iliyoandikwa CR2032, imetupa somo zuri. Ikiisha, saa inarudi nyuma miaka mingi, na kivinjari kinakataa kufungua tovuti kwa sababu kwa saa hiyo vyeti vyake vya usalama bado havijaanza kutumika. Mtu anadhani bando limeisha. Kumbe ni betri ya bei ndogo tu, na kurekebisha tarehe.

Ninayofanya sasa ni upande wa intaneti. Nataka ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, ikae kwenye kona ya kushoto, na karatasi kubwa ya biti na baiti juu yake, kwa sababu bando huhesabiwa kwa baiti na kasi hutajwa kwa biti, na baiti moja ni biti 8. Kasi ya megabiti 8 kwa sekunde ni MB 1 kwa sekunde. Faili la MB 80 litachukua kama sekunde 80 mtandao ukiwa mzuri. Vijana wanataka pia kuona kivinjari kikifungua ukurasa uliohifadhiwa kwenye diski, waya wa mtandao ukiwa umechomolewa, ili wajue kivinjari ni programu tu na intaneti ni kitu kingine. Hilo tutalijaribu. Bado natafuta kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha cha kufunika feni ya prosesa, maana watoto wanaokuja na mama zao wanapenda kuigusa ikiwa inazunguka.