Doppler ya kitovu: angalia kichujio kwanza
Doppler hupima kwa mawimbi ya sauti jinsi damu inavyopita katika kitovu, yaani kamba inayounganisha mtoto na kondo. Kabla hujaandika kwamba damu haipiti kwenye kitovu wakati moyo wa mtoto unapolegea, tazama kichujio cha mashine. Kikiwa juu kinafuta mtiririko wa polepole, na mama anapewa habari nzito bure! Kishushe hadi hertzi 60 au chini. Pima sehemu ya kitovu inayoelea huru. Karibu na tumbo la mtoto PI (kipimo cha ukinzani dhidi ya mtiririko wa damu) husoma juu kuliko karibu na kondo. Mtoto akipumua au akirusha miguu, subiri mawimbi kwenye skrini yalingane.

Baada ya wiki 32 za ujauzito kipimo cha kitovu pekee hakitoshi, maana kinaweza kusoma vizuri kwa mtoto aliyedumaa. Gawanya PI ya ateri ya kati ya ubongo kwa PI ya kitovu. Jibu likiwa chini ya 1, mfuatilie kwa karibu, hata uzito uliokadiriwa ukionekana wa kawaida.