Nilivyotundika Baiskeli Kwenye Dari ya Gereji

Tunaishi upande wa Nyamasaria, Kisumu, kwenye ule udongo mweusi usioruhusu maji kuzama. Masika yakikolea, maji ya barabarani hupita chini ya geti na kuingia gereji bila kubisha hodi. Gereji yenyewe inatosha gari moja dogo na mtu mwembamba wa kulifungulia mlango. Humo tulikuwa na baiskeli nne, hema, jaketi za kuelea za watoto, ngazi, na yale makopo ya rangi ambayo kila nyumba huyahifadhi bila sababu. Gari likawa linalala nje. "Baba watoto," mama watoto akaniuliza jioni moja, "tumejenga gereji ya baiskeli?"

Kuta zilikuwa zimejaa. Nafasi iliyobaki ilikuwa juu.

Vifaa vya kuinulia baiskeli huuzwa vikiwa seti nzima ndani ya boksi: puli, kamba, ndoano na skrubu. Nilivishika vya jirani. Puli hazikuwa na neno, lakini kamba ilikuwa nyembamba na skrubu fupi mno kwa mbao zetu. Nikaamua kununua kimoja kimoja, na fedha nyingi ziende kwenye vitu vinavyobeba uzito.

Kabla ya kununua chochote nilimwita fundi wa mbao apande darini. Gereji yetu haina silabu, yaani dari nzito ya zege. Juu kuna mabati, chini yake kenchi za saiprasi, halafu dari ya plaiwudi. Fundi akaingia na tochi, akagonga huku na kule, akatoa kichwa: "Jaduong', hapa utatundika taa. Baiskeli itakuja na dari yote."

Alikuwa na haki. Ile mbao ya chini ya kenchi hupigwa hesabu ya kubeba dari tu, na katikati ndipo inapolegea zaidi. Tena huku kwetu kuna mchwa na dumuzi. Tulipita kenchi moja moja na bisibisi: mbao nzima inagoma, mbao iliyoliwa inameza ncha. Moja ilitoa unga mweupe mwembamba tulipoichokoa, tukaipaka dawa na kuiacha nje ya mpango kabisa.

Tulichofanya ni kulaza mbao mbili za inchi 6 kwa 2 juu ya kenchi, kila moja ikikatiza kenchi nne, karibu na ukuta badala ya katikati. Hivyo uzito hauiangukii kenchi moja. Puli zinaning'inia kwenye bolti za pete zilizopenya mbao mpaka upande wa pili, zikafungwa juu kwa washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu, na nati. Hapa nilibishana na fundi kidogo, maana yeye alitaka skrubu za ndoano, kazi iishe mapema. Skrubu inayovutwa kwenda chini inashikwa na meno yake tu ndani ya mbao, na mbao ikikauka au ikipasuka, meno hayana pa kung'ata. Bolti inakalia washa. Ili ing'oke lazima mbao yenyewe ivunjike.

Kisha jaribio. Mfuko wa simiti una kilo 50, na baiskeli yangu nzito kuliko zote, ile ya chuma yenye keria, ni zaidi kidogo ya kilo 20. Tulivuta uzi wa fundi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya kenchi, tukatundika mfuko kwenye bolti za baiskeli moja, tukauacha usiku kucha. Asubuhi uzi na mbao vilikuwa palepale. Tukahamia seti iliyofuata.

Kuhusu kamba, Kisumu hatuna shida, maduka ya vifaa vya uvuvi yana kila aina. Ile ya plastiki ya rangi ya samawati ni bei rahisi na haiozi, lakini ni ngumu na mafundo yake huteleza. Ya nailoni ina nguvu, ila huvutika: unaacha baiskeli juu, ukirudi imeshuka kidogo. Nilichukua ya poliesta iliyosukwa, milimita 8, baada ya kuhakikisha inakaa vizuri kwenye mfereji wa puli. Kamba pana kuliko mfereji husugua pembeni na kujikata yenyewe.

Kila baiskeli ina ndoano mbili, ya usukani na ya kiti, na kila ndoano ina puli yake inayopanda na kushuka pamoja nayo. Puli hiyo inayotembea ndiyo inayopunguza kazi. Kamba imefungwa juu upande mmoja, inashuka kwenye puli ya ndoano, inarudi juu kwenye puli ya darini, ndipo inakuja mkononi. Mzigo wa kilo 20 unauvuta kwa nguvu ya kilo 10 hivi, ukiongeza kidogo kwa ajili ya msuguano. Malipo yake ni kwamba unavuta kamba mara mbili: kupandisha mita 2 unavuta mita 4. Binti yangu wa darasa la saba anapandisha baiskeli yake bila msaada.

Wengi hujaribu kupitisha kamba moja kwenye ndoano zote mbili. Kamba moja huvuta pande zote kwa nguvu sawa, na baiskeli haina uzito sawa mbele na nyuma, kwa hiyo upande mzito unabaki chini huku mwingine ukipaa. Tumia kamba mbili, kila ndoano na yake. Inua baiskeli kidogo, isawazishe kwa macho, kisha funga ncha mbili pamoja kwa fundo moja na uzivute kama kamba moja tangu hapo.

Ndoano nilizizungushia blada, mpira uleule wa tyubu kuukuu tunaofungia mizigo kwenye keria. Rangi haikwaruziki na usukani hautelezi.

Ukutani kuna chuma chenye pembe mbili, cha aina wanayofungia kamba kwenye mashua pale Dunga, na kamba inazungushwa kwa umbo la nane. Kiko juu, mikono ya mtoto mdogo haifiki. Zaidi ya hapo, baiskeli ikishafika juu, natumia ngazi kuifunga kwa cheni fupi kwenye bolti nyingine. Jirani aliniambia hiyo ni hofu ya bure. Huenda, lakini boneti iliyo chini ni ya gari langu.

Naam, boneti. Baiskeli zinaning'inia juu ya boneti, si juu ya paa la gari, kwa sababu hapo ndipo gari lilipo chini. Weka gari ndani kwanza, pima kutoka boneti kwenda juu, kisha ndipo uweke alama za bolti.

Si kila kitu kinastahili kupanda. Baiskeli ya kwendea dukani kila siku iko chini mlangoni, maana kitu unachokishusha asubuhi na jioni utachoka kukipandisha, na baada ya muda utaanza kukiegemeza kwenye gari. Juu zimekwenda tatu za Jumamosi, tunazopandia Riat kwenda Kiboswa, au mara mojamoja mpaka Maseno pale mstari wa ikweta. Hema na jaketi ziko kwenye jukwaa dogo la mbao lenye kamba nne, moja kila pembe, zote zikikutana kwenye pete moja.

Mtungi mdogo wa gesi wa kupikia nje haupandi, abadani. Mchana wa Kisumu, chini ya mabati, ni tanuri. Dari ya plaiwudi inasaidia kiasi, lakini mtungi unakaa chini, penye hewa. Vya juu navifunika shuka kuukuu, kwa sababu tuna popo, na popo hawaombi ruhusa wala hawasafishi.

Kamba nazikagua kabla ya masika na kabla ya vuli, hasa pale zinapopinda kwenye puli. Zikianza kuota manyoya, zinabadilishwa.

Shemeji yangu wa Milimani sasa anataka za kwake, na kwake kuna silabu ya zege. Huko hakuna kenchi. Utatoboa na kutumia bolti za kupanuka, mbali na kingo. Kama silabu ni ya yale matofali yenye uwazi ndani, lazima utafute mbavu za zege kati yake, kwani tofali tupu halishiki bolti. Nimemwambia atafute kwanza mchoro wa nyumba kabla hatujaazima drili.