Neno la ami

Leo siku ya nne na neno la ami bado linanikereketa. Tulikuwa barazani pale Wete, baada ya Maghrib, kahawa haijafika kikombe cha pili. Ami anajua kwamba mimi naiga seli ya moyo kwa hesabu kwenye kompyuta. Akaniuliza: "Na huo moyo wako wa kompyuta, ukisimama, nani atakwenda kuzika?" Baraza zima likacheka. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma, kwamba nilicheka.

La kumjibu nilikuwa nalo. Ami, mwanasayansi Denis Noble alishaandika milinganyo ya seli ya moyo tangu 1960. Seli ikishapiga hupumzika, na pumziko likiwa fupi, umeme wa pigo linalofuata nao hudumu kidogo. Mwaka 1968 watafiti Nolasco na Dahlen wakaonyesha kwa moyo wa chura kwamba ukiuharakisha mno, mapigo hupishana: refu, fupi, refu, fupi. Lakini hayo ni ya mwendo wa sawasawa. Mimi seli yangu naipigisha ovyo, milisekunde 500, halafu 720, halafu 430, maana moyo wa mama ndivyo unavyokwenda tangu Ramadhani ile. Na hapo kanuni ya pumziko haitoshi. Pumziko lile lile, pigo linatoka jingine, kwa sababu seli inakumbuka mwendo uliotangulia.

Nilinyamaza na yote hayo.



Juzi usiku mama anachambua karafuu, mimi nimefungua kando yake mchoro wa mapigo ya seli yangu. Akaweka kidole kwenye kioo, kidole chenye utomvu wa vikonyo.

"Hapa amepumzika kiasi gani?"

"Sawa na pale, mama."

"Mbona hakuamka sawa?"

"Anakumbuka alivyokimbizwa kabla."

Akarudi kwenye karafuu zake. Kitambo kikapita. "Basi si mimi ninayekosea kupumzika."

Miezi yote hii kila anayeingia humwambia apumzike, na ami ndiye wa mwanzo. Sikujua kama mama alikuwa akijilaumu. Nikamwambia hii ni seli moja tu, tena ya hesabu, moyo wake wa kweli ni kazi ya daktari. Akasema anajua. Lakini alilala mapema, na mimi nikarudi kwenye milinganyo yangu hadi alfajiri, moyo mweupe.

Sasa hivi mawingu yanapanda upande wa Mtambwe. Karafuu zimebakisha siku moja kukauka, turubai lina tundu, na kaka hapokei simu.