Nilivyomsaka farasi wa Kiirani

Nilianza na neno la farasi katika lugha za Kiirani, yaani Kiajemi na ndugu zake, nikidhani ni kazi ya jioni moja. Kiajemi cha leo humwita asb, Kikurdi hesp, na Kiavesta, lugha ya maandiko ya Wazoroasta, aspa. Nikachora jedwali daftarini, juu yake nikaandika *aćwa-, neno la babu yao wote. Kinyota hicho ni onyo: neno lenyewe halijaonekana limeandikwa popote, limeundwa kwa kulinganisha wajukuu wake. (Wataalamu wa Kibantu wanakijua, ndicho wanachokiweka kwenye *-ntu, mzizi wa mtu wetu na mũndũ wa Wakikuyu.)

Kiajemi cha Kale ndicho kilichonikwamisha. Kwenye mwamba wa Behistun, magharibi mwa Iran, ambako mfalme Dario aliagiza habari zake zichongwe takriban mwaka 520 kabla ya Kristo, farasi ni asa. Hamna p. Sasa asa amezaaje asb? Siku mbili nzima nilidhani nimenakili vibaya, nikawa narudi kuhesabu herufi.

Nilichofanya ni kumwacha farasi nikamtafuta mbwa, maana neno lake la asili nalo lilikuwa na ćw hiyohiyo. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anasema Wamedi, majirani wa Waajemi, walimwita mbwa spaka. Waajemi wanamwita sag. Basi! Palipo na sp kwa Wamedi, Waajemi wenyewe wana s tupu. Kumbe asb si mtoto wa asa hata kidogo. Ni neno la majirani, wale Wamedi wanaotajwa pamoja na Waajemi katika kitabu cha Danieli, au ndugu zao wa kaskazini.

Na asa hakufa. Dario aliwaita askari wake wapanda farasi asabāra, yaani wanaobebwa na farasi, na neno hilo limechakaa likawa savār, mpanda farasi kwa Kiajemi cha leo. Kwa hiyo mpandaji ni wa nyumbani, mnyama ni wa kuazima. Hapo nilicheka peke yangu.

Safu zilizobaki zilijaa haraka. Kiosetia cha Kaukasi kimegeuza sp kuwa fs, nacho husema yæfs, ila kwa farasi jike tu. Kipashto kina ās kwa dume na aspa kwa jike. Kiwakhi, huko milima ya Pamir, kina yash, sauti ya tatu kabisa, nayo inakaribiana na aśśa ya lugha ya Kiirani ya Khotan ya kale, mji ulio China ya leo. Ilibidi niongeze safu, na karatasi ilikuwa imeisha upande wa kulia.